Mwanao Amerudi Kutoka Chuoni, Mbona Hasemi?

Hapana shaka mwaukumbuka mwezi wa Machi wa mwaka 2020. Tarehe 16 ya mwezi ule Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika nchi yetu, kule Arusha. Kesho yake ikatoka amri ya kufunga shule, na tarehe 18 vyuo navyo vikaambiwa vifunge milango. Basi pale Dodoma, katika vilima vya Chimwaga kilipo Chuo Kikuu, na katika vyuo vingine vya mji ule, maelfu ya vijana walifunga mabegi yao wakatafuta basi. Walio wetu walipanda magari ya njia ya Kondoa, wakashuka hapa wilayani Chemba, wakashika bodaboda au wakatembea kwa miguu: huyu kwenda Farkwa, huyu Kwa Mtoro, huyu Goima, huyu Mrijo.

Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mwezi wa Machi mtama na uwele huku kwetu umekwisha kutoa masuke, na ndege wameanza kusumbua. Kila nyumba yataka mtu wa kukaa juu ya dungu na teo mkononi, kuwaamia kweleakwelea tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Mikono iliyopotea chuoni imerudi shambani! Nani asiyependa?

Lakini baada ya wiki mbili tatu, katika nyumba nyingine, furaha ile ilipungua. Kijana alikuwako, lakini ni kama hayuko. Na wazazi wake hawakujua waite jambo hilo kwa jina gani.

Leo nataka tuzungumze juu ya jina hilo. Tena nataka kuwaeleza jinsi wataalamu walivyojaribu kupima kama watu walijua jina lake, hasa wanafunzi wa vyuo katika miaka ile ya korona. Msitishwe na neno "kupima". Hakuna sindano wala mashine. Kipimo chenyewe ni kisa kifupi, nami nitawasomea kimoja sasa hivi, mkipime wenyewe nyumbani. Baba asome kwa sauti, na wengine wasikilize.

Kuna kijana, tumwite Petro, umri wake miaka 21. Anasoma mwaka wa pili chuoni. Chuo kimefungwa naye amerudi kijijini kwa wazazi. Wiki ya kwanza alizungumza na kucheka na wadogo zake. Sasa yapata mwezi mmoja amebadilika. Huamka saa tisa za usiku, hapati tena usingizi. Sahani ya ugali huiacha nusu. Zamani hakukosa mazoezi ya kwaya, siku hizi hataki kwenda, wala hataki kusikia nyimbo. Shambani hukaa juu ya dungu na ndege wanakula mbele ya macho yake. Akiagizwa kitu, hurudi bila kitu hicho. Juzi alimwambia mama yake, "Mmepoteza bure fedha zenu kwa ajili yangu." Simu yake huizima kutwa nzima.

Basi. Swali la kwanza: Petro ana nini? La pili: kisa chake ni nini? La tatu: apelekwe wapi, au aachwe?

Msisome mbele kabla ya kujibu.

Naweza kudhani majibu yenu, maana nyumba zetu nazijua. Mama atasema, "Mtoto amechoka, huko chuoni hawalali." Baba atasema, "Huu ni uvivu wa wasomi, jembe limekuwa zito." Mjomba atainamisha kichwa na kusema polepole kwamba kuna mtu ana kijicho, mtoto amefika mwaka wa pili na watoto wa jirani hawakufika. Bibi atasema, "Anafikiri sana." Kumbukeni jibu la bibi, tutalirudia baadaye.

Jibu ambalo mganga wa hospitali angelitoa ni hili: Petro anaonyesha dalili za ugonjwa uitwao sonona. Si uvivu, wala si kichaa. Ni ugonjwa unaoshika moyo na mwili pamoja, nao una matibabu.

Kipimo hiki cha kisa kina historia yake. Katika mwaka 1997 mtaalamu mmoja wa Australia, Anthony Jorm, na wenzake, walitoa habari za kazi waliyoifanya kwa watu 2,031 wa nchi ile. Wengine walisomewa kisa cha mtu mwenye sonona, wengine kisa cha mtu mwenye ugonjwa mkali zaidi, ule unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwako. Kisha wakaulizwa: mtu huyu ana nini? Haya, Australia ni nchi tajiri, yenye shule na madaktari tele. Mwadhani wangapi walijibu sawasawa? Waliotambua sonona walikuwa 39 katika kila mia. Waliotambua ule ugonjwa mwingine walikuwa 27 tu katika kila mia. Basi kama baba wa nyumba yako amesema "uvivu", asione haya sana. Anao wenzake wengi mbali na Chemba.

Tangu siku zile vipimo vimeongezeka. Kipo kimoja cha mwaka 2015, chenye maswali 35. Anayejibu hupata alama kuanzia 35 mpaka 160, na mwenye alama nyingi ndiye mwenye kujua zaidi: kujua dalili, kujua mahali pa kupata msaada, na pia kutowaogopa wala kuwadharau wagonjwa. Korona ilipoingia, wataalamu wa nchi nyingi walichukua vipimo vya namna hii wakawapelekea wanafunzi wa vyuo.

Hapa lazima tutenganishe mambo mawili, maana hata magazeti makubwa huyachanganya. Kupima ugonjwa ni jambo moja. Kupima kama watu wanaujua ugonjwa ni jambo jingine. Twajua wote ya kuwa mtu anaweza kuijua malaria vizuri sana, mbu wake na vidonge vyake, na bado akalala bila chandarua. Ndivyo ilivyo na mwanafunzi. Aweza kueleza sonona ni nini mbele ya darasa, akapata alama zote, na usiku akalala na ugonjwa huo asimwambie mtu. Na mama yake asiyejua neno "sonona" aweza kuona siku ya tatu tu kwamba mtoto haliishi ugali wake. Kwa alama za karatasi mwana amemshinda mama. Kwa kuona, nani amemshinda mwenziwe?

Kwa upande wa ugonjwa wenyewe iko karatasi moja inayojulikana sana. Iliandikwa Marekani na Robert Spitzer, Kurt Kroenke na Janet Williams, ikatolewa katika mwaka 2001. Ina maswali tisa tu. Huuliza habari za wiki mbili zilizopita: je, umekosa hamu ya mambo, moyo umekuwa mzito, usingizi umeharibika, mwili umechoka, hamu ya chakula imepungua au imezidi, umejiona hufai, akili imeshindwa kutulia juu ya jambo moja, umekuwa mzito wa mwendo au mwenye kuhangaika kuliko desturi, umefikiri kwamba heri ufe au ujidhuru. Kila swali lina majibu manne: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, karibu kila siku. Hapana ni sifuri, karibu kila siku ni tatu. Jumla haiwezi kupita 27. Anayefika 10 au kupita, yafaa aonwe na mganga. Karatasi hii imekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa Kenya na hapa kwetu Tanzania.

Karatasi ni nzuri, lakini ni karatasi tu. Mchukueni kijana mwenye afya ambaye kutwa nzima amepalilia kwa jembe la mkono, tena ni mwezi wa Machi, ghala la mwaka jana limekwisha na mavuno mapya bado. Mwulizeni: Je, umechoka? Ndiyo, karibu kila siku. Usingizi je? Mbaya, maana alikesha akifukuza nguruwe wa porini. Chakula? Kidogo, kwa kuwa kilichopo ni kidogo. Amekwisha kupata alama saba au nane, na moyo wake hauna neno! Kwa hiyo mganga mwenye busara hasomi jumla peke yake. Huuliza pia mtu huyu alikuwaje kabla, na anaishije.

Na mwingine, mgonjwa hasa, atajibu sifuri kila mahali. Kwa nini? Kwa kuwa baba amesimama mlangoni.

Swali la tisa, lile la kufikiri kufa, ndilo zito kuliko yote. Wazazi wengi huogopa kwamba ukimwuliza kijana jambo hilo utakuwa umemtia wazo asilokuwa nalo. Waganga wanaoshughulika na maradhi haya wasema sivyo. Kumwuliza kwa upole hakumtii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, dawa za pamba na za mifugo zifungiwe mbali, na siku ileile apelekwe hospitali. Hapa hakuna kungoja mavuno.

Sasa turudi kwa bibi na jibu lake: "Anafikiri sana." Wataalamu wa zamani wangelipita jibu hilo kama maneno ya wazee. Siku hizi wamejifunza kusimama hapo. Katika nchi nyingi za Afrika watu husema hivyohivyo juu ya mtu mwenye huzuni isiyokwisha. Washona wa Zimbabwe wana neno "kufungisisa", maana yake ni hiyohiyo, kufikiri kupita kiasi. Katika miaka ya 1990 kule Harare daktari Vikram Patel na wenzake hawakuleta karatasi ya Ulaya na kuigeuza lugha. Walianza kwa kusikiliza wagonjwa wenyewe wasemavyo, wakatengeneza maswali 14 kwa maneno yao. Kisha mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda akaona ya kuwa waganga wa akili ni wachache mno, akawafundisha akina bibi wa mitaa. Bibi hukaa juu ya benchi la mbao karibu na zahanati, mwenye mawazo huja kuketi kando yake. Maswali yale 14 huulizwa, halafu yanazungumzwa mambo yanayomlemea, moja baada ya moja. Katika mwaka 2016 wataalamu walitoa matokeo ya kulinganisha wagonjwa 573. Waliokaa na akina bibi walipata nafuu kuliko waliopata matunzo ya kawaida. Basi msimcheke bibi. Alikuwa karibu na jibu kuliko mjomba.

Neno lenyewe "sonona" ni zuri, ni Kiswahili chetu cha kusononeka. Lakini jaribuni kwenda na karatasi mpaka vijiji vya Wasandawe, au kwa Waburunge, au kwa Warangi walio wazee, mkaulize, "Je, una sonona?" Mtaambiwa hapana, kwa adabu kabisa. Kila mtu huisema huzuni yake kwa lugha aliyonyonya. Ndiyo maana wataalamu wazuri hutafsiri karatasi yao mara mbili: mmoja huitoa Kiingereza na kuitia Kiswahili, na mwingine asiyeiona ile ya kwanza huirudisha Kiingereza. Zikilinganishwa, makosa hutoka hadharani kama mawe katika mchele.

Lipo kosa jingine ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko hilo la lugha, nalo latuhusu sisi wa Chemba hasa. Katika mwaka 2020 wataalamu hawakuweza kwenda vyuoni, kwa kuwa wanafunzi wametawanyika na mikutano imekatazwa. Wakafanya nini? Katika nchi nyingi walituma maswali kwa simu, kwa njia ya intaneti, na aliyetaka akajibu. Fikirini. Mwanafunzi wa mjini, mwenye umeme chumbani na fedha ya vifurushi, alijibu kwa dakika kumi. Yule aliyekuwa juu ya dungu, simu haina moto, na mtandao haupatikani mpaka apande jabali, hakujibu. Wala Petro wetu hakujibu, maana tumesema simu yake huizima. Ugonjwa wenyewe ndio uliomwondoa katika hesabu! Kwa hiyo kila mkiona hesabu ya wanafunzi wa siku zile, ulizeni kwanza: waliulizwa wapi, na kwa njia gani? Waliokuwa mbali zaidi na wapweke zaidi ndio waliokosekana.

Hesabu moja mliisikia labda redioni. Shirika la Afya Duniani lilisema, mwezi wa Machi 2022, kwamba katika mwaka wa kwanza wa korona maradhi ya sonona na ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa asilimia 25, na walioumia zaidi ni vijana na wanawake. Wako waliotangaza mara moja kwamba robo ya watu wote wameugua. Sivyo hata kidogo. Kama katika kata fulani wagonjwa wa namna hiyo walikuwa 40, kuongezeka kwa asilimia 25 ni kuwa 50. Walioongezeka ni 10. Ni wengi, tena ni watoto wa watu, lakini si robo ya kata. Tena hesabu ile ilijengwa zaidi kwa uchunguzi uliofanywa katika nchi tajiri. Afrika ilichangia kidogo. Chemba yetu imo ndani yake kwa kukisiwa.

Wengine watasema mambo haya ni mageni, yameletwa na korona. Hayakuletwa na korona. Wazee waulizwe habari za Kashasha.

Kashasha ni mahali pa upande wa Bukoba, ng'ambo ile ya Ziwa Victoria. Ilikuwako shule ya bweni ya wasichana chini ya misioni. Tarehe 30 Januari 1962, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru, wasichana watatu walianza kucheka na kulia. Hawakuweza kujizuia. Wenzao wakashikwa. Mmoja alishikwa saa chache tu, mwingine siku nyingi, hata kufika 16. Katika wasichana 159, walioshikwa walikuwa 95. Walimu hawakushikwa hata mmoja. Tarehe 18 Machi 1962 shule ilifungwa. (Angalieni tarehe hiyo: ni siku ileile ya Machi ambayo vyuo vyetu vilifungwa miaka 58 baadaye!) Wasichana wakapelekwa makwao, na jambo likaenda nao. Katika kijiji cha Nshamba, walikotoka baadhi yao, watu 217 walishikwa, wengi wao vijana. Shule ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wasichana 57 wakashikwa, ikafungwa tena mwisho wa Juni.

Waganga wawili, Rankin na Philip, walikwenda kuchunguza, na maandishi yao yakatolewa katika mwaka 1963. Walipima damu. Walifikiri juu ya vijidudu, wakafikiri juu ya sumu katika chakula. Hawakuona kitu. Hakuna aliyekufa. Wakaandika kwamba ni maradhi ya hisia yaenezwayo na watu wenyewe kwa kuonana na kusikiana, hasa mahali penye vijana waliobanwa. Wapo waliosimulia Kashasha kama kichekesho, mpaka leo wageni huandika kwamba watu wa Tanganyika walicheka kwa furaha ya Uhuru. Aliyesoma maneno ya waganga wale hawezi kucheka. Wasichana wale walikuwa wakilia, wakiogopa, wakikimbia kana kwamba wanafukuzwa.

Nataka mwone jambo moja katika habari ile. Waliohesabiwa ni waliocheka, kwa kuwa walisikika. Wale wasichana 64 waliobaki wamekaa kimya katika bweni lile, usiku baada ya usiku, wakingoja zamu yao, mioyo yao ilikuwaje? Katika mwaka 1962 haikuwako karatasi ya kuwauliza. Sasa iko, na bado mtoto aliye kimya ni rahisi kumpita kuliko yule anayepiga kelele.

Je, wanafunzi wa mwaka 2020 walibanwa na nini? Hofu ya ugonjwa ilikuwako, lakini kwa vijana wengi haikuwa ya kwanza. Muda wa masomo ulisimama na hakuna aliyejua kwa siku ngapi. Mtihani uko mbele au umekufa? Aliyekuwa mwaka wa mwisho alikwisha kuahidi nyumbani kwamba kazi itapatikana mwaka ule. Aliyezoea chumba cha watu sita na kelele za usiku alirudi penye giza saa moja, na hapana mwenzake wa kuzungumza naye mambo aliyoyasoma. Habari za nje zilitisha, na za ndani zikawa chache: baada ya kutajwa wagonjwa 509 na vifo 21 katika mwaka 2020, Serikali haikutoa tena hesabu kwa zaidi ya mwaka. Mtu akikosa habari, mawazo yake humletea habari. Tena yako macho ya kijiji. Mnajua wenyewe maneno ya kisimani: "Yule msomi mbona amerudi? Amefukuzwa?"

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020. Wengi walirudi wakaendelea vizuri, na hilo lisemwe, maana huzuni ya wiki chache wakati wa shida si ugonjwa. Ugonjwa hupimwa kwa siku na kwa kazi. Dalili zikikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mtu akashindwa kufanya mambo yake ya kila siku, hapo si shida ya kupita. Lakini wako waliorudi chuoni na mzigo uleule. Wako walioacha masomo mwaka uliofuata bila kueleza sababu, nao leo ni watu wazima wenye miaka 25 au 28, na nyumbani bado wanaitwa "yule aliyeshindwa chuo". Kama mnaye wa namna hiyo, someni tena kisa cha Petro, mlinganishe.

Sasa kuhusu hospitali. Hapa nitasema waziwazi, maana jina moja huwatisha watu wa mkoa wetu kuliko simba: Mirembe. Mtu akifanya kosa dogo shambani, wenzake humcheka, "Wewe wa Mirembe!" Hospitali ile ilianza pale Dodoma mwaka 1927, wakati wa Waingereza. Kabla yake Wajerumani walikuwa na nyumba ya wagonjwa wa akili kule Lutindi, milima ya Usambara, tangu mwaka 1904. Katika siku zile za kwanza wagonjwa walifungiwa zaidi kuliko kutibiwa, kwa sababu dawa zenyewe hazikuwako duniani. Zilianza kupatikana katika miaka ya 1950. Hofu ya mababu zetu ilikuwa na sababu. Lakini kuiogopa Mirembe ya leo kwa ajili ya habari za mwaka 1927 ni kama kukataa kupanda basi kwa sababu babu alianguka juu ya punda. Watu wengi huenda pale asubuhi, wakaonana na mganga, wakapewa dawa au mashauri, na jioni wako njiani kurudi.

Wala si lazima kuanzia Dodoma. Mwanzo ni zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Mwambieni tabibu maneno yaleyale ya nyumbani: halali, hali, hasemi, amesema hafai. Msijisumbue kutafuta neno la kitaalamu. Yeye ataona kama aweza kusaidia, au atawaandikia barua ya kwenda mbele, hospitali ya wilaya au ya mkoa. Huko nyuma wazazi wengi waliokwenda kwa mganga wa mitishamba kwanza walitumia mbuzi wawili watatu na miezi mingi. Simlaumu mzazi aliyekwenda, alitafuta msaada mahali alipopajua. Namwomba tu asingoje mpaka zizi liwe tupu ndipo akumbuke zahanati.

Je, nyumbani mfanye nini kabla ya safari? Msimwambie, "Jikaze." Amekwisha kujikaza miezi. Msimlinganishe na mtoto wa jirani. Msimwulize mbele ya watu. Yuko mtu mmoja katika ukoo ambaye kijana humwamini, labda ni shangazi, labda kaka mkubwa, labda ni katekista aliyemfundisha utotoni. Mtu huyo na aende naye shambani, wakae juu ya dungu moja, wawaamie ndege pamoja. Asianze na maswali. Kazi ya mikono ikiendelea, maneno hutoka yenyewe, na yakitoka, asikatize kwa mahubiri. Aulize yale mambo tisa, moja moja, kwa Kirangi au Kisandawe au Kiswahili, kwa namna ya mazungumzo, wala asiandike alama mbele yake.

Halafu mkiwa tayari kwenda kwa mganga, chukueni daftari la shule, mwandike ndani: siku jambo lilipoanza, saa anazoamka, vyakula anavyoviacha, dawa zozote alizokwisha kunywa, za hospitali na za miti shamba, bila kuficha hata moja. Aende naye mtu aliyekaa naye nyumba moja, si mtu anayejua tu kuzungumza vizuri. Mganga atauliza usiku wake ulikuwaje, na aliyelala nyumba nyingine hataweza kujibu.